Msaada wakuu, vidokezo vya "sehemu ya..." kwenye fumbo la maneno

Mjazaji_Tz:
Wakuu habari za jioni, nina fumbo la maneno la gazeti hapa nimejaza karibu lote ila kila palipoandikwa "sehemu ya" kitu fulani nimekwama. Mlalo 7 sehemu ya mnazi, herufi 6, nimeweka MAKUTI lakini wima pale kuna KIOTA na inaishia kwenye kisanduku cha mwisho kwa hiyo inatakiwa A sio I. Mlalo 12 sehemu ya jahazi, herufi 8, MLINGOTI inaenea kabisa ila kisanduku cha pili kina O ya JOGOO. Mlalo 15 ndo balaa, sehemu ya baiskeli herufi 5, hapo sina herufi hata moja.

Binti wa Mrima:
Ya 7 ni KARARA. Lile ganda refu gumu linalofunika shada la maua ya mnazi, likipasuka maua yanatoka nje lenyewe linakauka linabaki kama kimtumbwi, huku kwetu tunaokota tunawashia moto. Na siku ukiulizwa sehemu ya nazi, sio mnazi, herufi 5, usikimbilie KIFUU maana KUMBI nayo ni 5, subiri herufi ya tatu ikuamulie.

Baharia Mzee:
12 ni FOROMALI kijana wangu. Ndio ule mti unaofungiwa tanga, unapandishwa mlingotini kwa kamba inayoitwa jarari. Mlingoti umesimama, foromali imekaa mshazari, zote herufi 8 na zote zinaishia na I ndo maana zinachanganya watu. Ukitaka sehemu za chombo zikukae kichwani shika ile methali, enda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma, omo ni mbele, ngama ni kule chini ndani maji yanakojikusanya. Herufi 4, 3 na 5, na OMO hasa ishike, inafaa sana kwa zile kona finyu za visanduku vitatu.

Fundi Spana:
Kwenye baiskeli mtunzi kawaonea. SPOKI, TAIRI, BREKI, FREMU zote ni 5, tena hata ukipata R ya pili na E ya tatu bado breki na fremu zinalingana. "Sehemu ya baiskeli" peke yake haitoshi, aandike na kazi yake, mfano "husimamisha baiskeli", hapo mtu anafikiri kweli sio anabahatisha. Wewe tafuta kwanza neno la wima kwenye kisanduku cha mwisho, ikitoka U hakuna mjadala.

Mjazaji_Tz:
Asanteni sana, shikamoo mzee baharia, FOROMALI na KARARA zimekaa. Fundi, wima 9 ni "ana mkonga" herufi 5, V ya VIAZI iko kisanduku cha nne kwa hiyo sio TEMBO ni NDOVU, na U yake inaangukia palepale mwisho wa baiskeli. FREMU.