Naomba ushauri: kuamua straiki za chini bila kamera

Habari zenu wakuu. Niko Columbus, Ohio, na wikiendi nachezesha besiboli ya watoto. Kinachonisumbua ni mpira unaoshuka ghafla usawa wa goti: mdakaji anainua glavu kidogo anapoudaka, basi boli (mpira uliopita nje ya eneo halali la kupigwa) inaonekana straiki (uliopita ndani yake). Mtoto akitolewa kwa mpira kama huo, roho inaniuma kweli.

Ligi kuu ya Marekani tangu msimu wa 2026 mpigaji, mrushaji au mdakaji akigusa kofia yake kukata rufaa, kamera zinahakiki uamuzi wa mwamuzi papo hapo. Kila timu inaanza na rufaa mbili, na rufaa ikikubaliwa haipungui. Sisi tuna macho tu.

Waliowahi kuchezesha, mnasimama wapi hasa, na macho mnayaweka wapi? Nikirekodi kwa simu nyuma ya wavu, nijisahihishe nyumbani, itasaidia?