Mipaka ya mafuta na gesi kwenye ramani za USGS mbona inalaliana?

fundi_ramani: Wakuu habari zenu, nimeshusha data za USGS (shirika la jiolojia la Marekani) za yale makadirio ya mafuta na gesi ya dunia nzima ya mwaka 2000 nikazifungua kwenye QGIS, ile programu ya ramani, nimebaki nakuna kichwa tu. Kuna leya (tabaka la ramani) ya provinsi, yaani maeneo makubwa ya kijiolojia, kuna ya mifumo ya petroli, yaani mwamba uliozalisha na mafuta yote yaliyotoka humo, kuna na ya vile vipande wanavyokadiria, poligoni (yale maumbo ya mipaka) zinalaliana na zingine zinavuka mipaka ya nchi kama haipo. Hivi poligoni ndo kusema humo ndani kote kuna mafuta??

mwamba_mama: Hapana mkuu, hilo sio ziwa la mafuta. Wanaanzia kwenye mwamba uliozalisha, wanaangalia umeiva wapi, yaani ulifukiwa chini mpaka joto likafika kama nyuzi 60 hadi 120 za Selsiasi hivi mafuta yakatoka, likizidi sana hapo unapata gesi. Halafu wanafuatilia yalikokimbilia, visima vilivyopata kitu, sehemu yanakovuja juu ya ardhi, vyote vinafungiwa ndani ya mstari mmoja. Kulaliana ni kawaida, miamba iliyozalisha inaweza kuwa miwili mmoja chini ya mwenzie, we unaangalia ghorofa ukiwa juu ya paa. Na nchi hazihusiki, mwamba haukuulizwa.

kisima7: Soma namba za poligoni. Tarakimu ya kwanza ni kanda, ziko 8 (2 ni Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, 7 ni Afrika kusini mwa Sahara na Antaktika), nne za mwanzo ni provinsi, ziko 937, sita ni mfumo, nane ndo kipande chenyewe. Ukiikata namba unajua mtoto wa nani.

mwamba_mama: Nyongeza, usichanganye na leya za mafuta ya sheli (shale, yale yaliyobaki ndani ya mwamba wa tope, sio sheli ya kujazia gari). Haya ya kawaida yamenaswa kwenye mtego, juu mwamba usiopitisha, chini yamekalia maji, kwahiyo kila lundo la mafuta lina ukingo wake. Ya sheli yameenea tu hayana mstari wa maji, ndo maana wanayakadiria kivingine. Alafu usizumu mpaka shambani kwa mtu, mistari ile imechorwa kwa ramani za mbali sana.

fundi_ramani: Duh kumbe leya zote tatu nilizipa rangi moja 😂 nimepanga kwa tarakimu sita sasa hivi naona ghorofa mbili kabisa, asanteni