Wenza wenye kazi katika miji miwili: je, mwajiri naye awajibike?

Mleta mada

Wakuu, hoja hii tunaizungumza sana majumbani na mara chache sana hadharani. Watu wawili wameoana, kila mmoja ana kazi anayoitegemea, na kazi zenyewe ziko miji miwili. Mmoja anasafiri. Ama kila siku, anatoka giza na kurudi giza, ama anaondoka mwanzo wa wiki na kuonekana tena mwisho wa wiki. Nauli wanalipa wao. Pango la chumba cha pili wanalipa wao. Uchovu ni wao, na wakitengana tunasema ndoa yao haikuwa imara. Nauliza: hilo ni jambo la nyumba yao peke yao, au mwajiri na sheria wana wajibu?

Mimi nasema wana wajibu. Sisemi mwajiri alazimishwe kumhamisha kila anayeomba. Nasema mfanyakazi anayeishi mbali na mwenza wake kwa sababu ya kazi awe na haki ya kuomba kimaandishi ahamishiwe karibu, au afanye kazi akiwa nyumbani siku kadhaa za wiki, au apangiwe saa nyingine za kuingia na kutoka. Mwajiri ajibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Akikataa, ataje sababu ambayo mtu anaweza kuihoji. Leo hii barua nyingi za namna hiyo zinaingia kwenye faili na kulala humo.

Kwa nini naliita jambo la umma? Erika Sandow, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden, alipitia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 2 waliokuwa wakiishi na wenza wao kati ya 1995 na 2005. Waliokuwa wakisafiri mbali kwenda kazini, yaani dakika 45 au zaidi kwa safari moja, walikuwa na hatari ya kutengana iliyozidi ya wengine kwa asilimia 40. Hao ni watu wanaolala nyumba moja na wenza wao kila usiku. Hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi miaka ya mwanzo, kabla nyumba haijazoea. Na kuna jambo lingine ambalo kwangu lina uzito kuliko hiyo asilimia: anayesafiri, ambaye mara nyingi ni mwanamume, alipata kipato kizuri na nafasi za kupanda. Mwenza wake aliyebaki mara nyingi alijikuta anachukua kazi ya karibu yenye mshahara mdogo ili awahi watoto. Kwa hiyo safari ya mmoja ilipunguza mshahara wa mwingine. Mwajiri wa yule msafiri amepata mfanyakazi mzuri, na gharama imeangukia mtu ambaye hata hayumo kwenye mkataba wake.

Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey nao walipima jambo la karibu na hili kwa takwimu za Ujerumani, wakachapisha mwaka 2008. Hesabu za kawaida za uchumi zinasema mtu hakubali safari ndefu mpaka mshahara mkubwa au nyumba nafuu imfidie. Wakakuta hafidiwi. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu ndivyo watu walivyosema wameridhika kidogo na maisha yao.

Zipo nchi ambazo hazijaliacha hili mikononi mwa wanandoa. Ufaransa, tangu sheria ya Januari 1984, mtumishi wa umma aliyetenganishwa na mwenza wake kwa sababu ya kazi anapewa kipaumbele katika uhamisho. Kwa walimu kuna mfumo wa alama, na alama zinaongezeka kadiri miaka ya kutengana inavyoongezeka. India ina mwongozo wa tangu 1986 unaotaka mume na mke walio watumishi wa serikali wapangiwe kituo kimoja kila inapowezekana. Ujerumani haihamishi mtu, ila kwenye kodi ya mapato inamruhusu mwenye nyumba mbili kwa sababu ya kazi kukata gharama za makazi ya pili hadi euro 1,000 kwa mwezi, pamoja na safari moja ya kurudi kwa familia kila wiki. Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakuheshimu ila hapa nakupinga waziwazi. Umetaja Ufaransa ukaishia nusu ya habari. Alama za kumfuata mwenza na za uzoefu zinamsogeza aliyenazo kwenye vituo vinavyotamaniwa. Asiye na alama anakwenda kusikopendwa. Ndiyo maana walimu wapya, wengi wao vijana wasio na familia, wanajazwa kwenye kanda za elimu za Créteil na Versailles zinazoizunguka Paris. Wanafunzi wa huko wanapata walimu wachanga wanaohesabu siku za kuondoka. Haki ya wanandoa hao imelipwa na nani? Imelipwa na mwalimu kijana na mtoto wa darasani.

Nimewahi kusimamia watumishi. Kila mwaka maombi ya kumfuata mwenza yalikuwa yanaelekea upande mmoja, mijini. Sikumbuki kuona ombi la kumfuata mwenza aliyeko pembezoni, ingawa wenza wengi walikuwa huko. Ukiandika haki hiyo kwenye sheria, zahanati na shule za mbali zitabaki na majengo.

Na India nayo umeiacha njiani. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu kule, katika shauri la Bank of India na mfanyakazi wake, ilisema mwongozo ule haumpi mtu haki ya kudai kituo. Aliyekubali kazi yenye uhamisho amekubali na uhamisho. Mimi naona mahakama ilisema kweli.

Mchangiaji wa pili

Kaka zangu, mnazungumza kuhusu anayesafiri na anayempa ruhusa. Mimi ni yule anayebaki. Mume wangu anafanya kazi mji mwingine, anarudi mwisho wa wiki, na nampenda, tumeamua hivyo pamoja. Lakini anayebaki ndiye anayepigiwa simu na shule saa nne asubuhi mtoto akiwa na homa. Ndiye anayekataa semina, anayekataa zamu ya usiku, anayekataa cheo kwa sababu cheo kinataka mtu wa kukaa ofisini jioni. Hakuna fomu inayoonyesha kwamba nimekataa. Kwa bosi wangu naonekana tu sina bidii.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada, na naongeza: haki hiyo ya kuomba saa tofauti impate pia anayebaki, asipewe msafiri peke yake.

Na kwa wale wanaoingia kwenye maisha haya sasa hivi, niseme yaliyotusaidia, maana sheria ikija leo au kesho, Jumatatu itafika tu. Nauli na pango la pili tunavitoa kwanza, kabla ya kugawana kinachobaki. Mwanzoni tulikuwa tunamwachia msafiri alipe nauli yake, na kila akichelewa kurudi kulikuwa na maneno, kumbe alikuwa anabana hela. Pili, hasafiri yeye tu. Kuna mwisho wa wiki tunakwenda sisi na watoto kwake. Watoto wakishaona chumba anacholala baba yao na njia anayopita kwenda kazini, maswali yao kwenye simu yanabadilika, wanamuuliza vitu vya kweli. Tatu, hatuanzi jambo zito saa anapofunga begi. Deni, ada, ugomvi na mashemeji, yote yanasemwa Jumamosi asubuhi au yanasubiri. Na tuliweka tarehe. Ikifika tunakaa chini kuamua upya kama tunaendelea, na kama nani anahama. Bila tarehe, mpango wa muda unageuka maisha bila mtu kuuamua.

Mchangiaji wa tatu

Naunga mkono hoja, kwa sababu moja ambayo hamjaigusa: barabara. Wenzetu wengi hawaondoki Jumapili mchana. Wanataka kulala nyumbani usiku huo, wanaamka saa 10 alfajiri Jumatatu wanaendesha, wanapiga kazi siku nzima. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya makosa kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa 10 alfajiri anafika hapo saa 3 usiku. Ijumaa nayo anaamka mapema, anatoka kazini jioni, anashika usukani, na saa 3 usiku yuko katikati ya njia ana hamu ya kufika. Kama sheria haiwezi kumhamisha, basi impe kutoka saa 8 mchana Ijumaa na kuingia saa 5 asubuhi Jumatatu, azifidie saa hizo katikati ya wiki ambako kwa vyovyote hana pa kwenda. Mwajiri anapoteza nini hapo?

Mleta mada

Dada mchangiaji wa pili, nimekuelewa, na nakubali nyongeza yako yote. Hoja yangu ilimtazama zaidi aliye safarini.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, umenigusa kwenye walimu wapya wa Ufaransa. Hilo ni kweli, na ndiyo maana sikuomba mfumo wa alama. Mfumo wa alama unagawa vituo vichache kwa foleni, kwa hiyo mmoja akisogea mwingine anarudi nyuma. Naomba kitu kingine: jibu. Uingereza wana kitu cha namna hiyo kwenye kazi zote, za umma na binafsi. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 mfanyakazi anaweza kuomba kubadilishiwa saa au mahali pa kazi tangu siku yake ya kwanza kazini, hadi mara mbili kwa mwaka. Mwajiri anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya miezi miwili na hawezi kukataa kabla ya kuzungumza naye. Sababu za kukataa zimeorodheshwa kwenye sheria, na gharama ni mojawapo. Hakuna anayeulizwa kama ameoa. Kijana asiye na familia anayemuuguza mama yake mji mwingine anaomba kwa mlango ule ule. Hapo hoja yako ya upendeleo inajibiwa.

Kuhusu India, baada ya 1991 kuna 2022. Mahakama hiyo hiyo, katika shauri la watumishi wa forodha, haikuwapa uhamisho waliotaka, ila ilisema serikali inapotunga sera ya uhamisho haiwezi kuyafumbia macho maisha ya familia, ikaitaka mamlaka iitazame upya sera yake. Hapo ndipo ninaposimama. Sidai kituo. Nadai kutazamwa.

Ukisema aliyekubali kazi amekubali na uhamisho, tazama njia hiyo inaishia wapi. Japan mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilihalalisha kufukuzwa kwa mfanyakazi wa kampuni ya rangi ya Toa aliyekataa uhamisho. Nyumbani alikuwa na mama mzee, mke mwenye kazi yake, na mtoto wa miaka miwili. Mahakama ikasema hayo ni matatizo ambayo mfanyakazi kwa kawaida anapaswa kuyavumilia. Kule kuishi peke yako mbali na familia kwa amri ya ofisi kumekuwa jambo la kawaida kiasi cha kuwa na jina lake. Na Japan yenyewe ilirudi nyuma: mwaka 2001 ikarekebisha sheria ya likizo ya malezi, mwajiri sasa anatakiwa kuzingatia hali ya anayelea mtoto au kuuguza ndugu kabla ya kumhamisha. Tukiiga, tuanzie walikofika.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekusoma vizuri, ndugu. Kwa hili la kujibiwa kwa maandishi na kwa muda, sina sababu ya kulipinga. Barua inayolala kwenye faili ni dharau kwa aliyeiandika, na nimeziona nyingi. La kutoka mapema Ijumaa na kufidia katikati ya wiki nalo nalikubali kwa kazi za ofisini. Kwa zamu za hospitali halitekelezeki, hapo tusidanganyane.

Ila sijakubali kwamba litavifikia vituo vya pembezoni bila kuviumiza. Mtu akiombwa asubiri kwa sababu zilizoandikwa, atasubiri mwaka mmoja, wa pili ataacha kazi. Kwa hiyo naweka sharti langu: sheria hiyo ije pamoja na muda maalumu wa kukaa kituo kigumu, unaojulikana siku mtu anaporipoti, na ukiisha mwajiri awe na wajibu wa kumhamisha anakoomba, awe na mwenza au asiwe naye. Mume na mke wakijua ni miaka mitatu, wataipanga kama dada alivyopanga. Kinachowavunja watu ni kupelekwa mahali bila kuambiwa hadi lini. Mleta mada, ukiliongeza hilo kwenye hoja yako, nitaisaini.

Mleta mada

Nimeliongeza, na liwe sharti la kwanza kabla ya yangu. Nani mwingine yuko kwenye kazi za zamu? Tuambieni mnavyobadilishana siku ili kupata mapumziko marefu ya kwenda nyumbani, na mkuu wa idara anasemaje mkimpelekea ratiba mliyokubaliana wenyewe.