Uvimbe juu ya mbavu usioeleweka: nianzie wapi?

Mkulima wa Kongwa
Ndugu zangu, nina umri wa miaka 34. Tangu wakati wa palizi nina uvimbe juu ya mbavu za kushoto, ambao ulianza kama punje ya karanga na sasa unakaribia yai la kuku. Hauumi isipokuwa nikiulalia, ngozi yake haina wekundu wala joto, na sikumbuki kuanguka. Kwenye zahanati nilipewa antibayotiki mara mbili bila kipimo chochote, na hazikusaidia. Mama mkwe anasema niukande kwa maji ya moto. Mjomba anataka nichanjwe chale. Naomba kujua ni vipimo gani vitakavyonipa jina la ugonjwa huu, na kama ni lazima niende Dar es Salaam.

Mama wa Nkuhungu
Pole sana, mdogo wangu. Mimi nilikuwa na uvimbe mgongoni, laini, ukiubonyeza unateleza chini ya kidole. Ukaonekana ni wa mafuta tu, nikatolewa kwa ganzi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hata hivyo usijifariji kwa habari yangu, kwani wangu ulikaa miaka mingi bila kukua, na wako umekua ndani ya miezi.

Tabibu, Manyoni
Ndugu, sitataja ugonjwa ambao sijaugusa kwa mkono. Altrasaundi itaonyesha kama ndani kuna maji, usaha au nyama, na eksirei ya kifua itaonyesha kama ubavu wenyewe umeliwa. Kinachosahaulika mno ni kifua kikuu, ambacho hushambulia hata mbavu na kutengeneza jipu lisilo na joto wala wekundu, huku mgonjwa akiwa hakohoi kabisa. Jipu hilo likikatwa kienyeji huweza kuacha kidonda kinachovuja kwa muda mrefu, kwa hiyo chale ukatae. Usaha huvutwa kwa sindano na kupimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya kifua kikuu, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Ikiwa ni nyama ngumu iliyoshikamana na mfupa, daktari wa upasuaji atachukua kinyama kipelekwe maabara, maana saratani haiondolewi shaka kwa macho. Anzia hospitali ya wilaya, uombe rufaa ya Dodoma mjini. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina hata CT-scan, mashine ya kupiga picha za kina za ndani ya mwili, hivyo safari ya Dar es Salaam bado haijafika. Je, umepungua uzito, au unatoka jasho usiku?

Mkulima wa Kongwa
Mkanda wa suruali nimeutoboa tundu jipya, nikadhani ni kazi za shamba. Na jasho lipo: ninalowesha shuka hata katika baridi hii ya Juni. Nilipanga kwenda baada ya kuuza mahindi.

Tabibu, Manyoni
Mahindi yatasubiri. Nenda kesho, ubebe karatasi za dawa ulizotumia, na habari ya jasho na mkanda uiseme kabla hujaulizwa.