Tupeane uzoefu: Daftari na akiba ya kila jioni, huwa vinakatikia wapi?

Karani wa Soko
Wadau, salaam. Swali la yule kijana wa bodaboda, "naweka buku mbili kila siku, mbona mwisho wa mwezi nakopa?", limenigusa. Elfu mbili kwa siku ni 730,000 kwa mwaka, hesabu hiyo kila mtu anaiweza. Shida inakuja kuanzia siku ya 12 au ya 15 hivi. Siku za mwanzo mtu ana moto. Halafu inashuka mvua ya kutwa nzima, abiria hakuna, hesabu ya tajiri mwenye pikipiki, 8,000 kwa siku, haijatimia na tairi la nyuma limekwisha. Anachomoa kila kitu. Kesho yake haweki, maana kibubu ni kitupu na moyo umeshaanguka.

Uvivu haumo hapo. Pesa ya tairi haikuwa na mahali pake, ndiyo maana ikala akiba. Oili, cheni na tairi msiziite dharura, zinajulikana kwamba zinakuja. Oili ikiwa 14,000 na unaimwaga kila siku 14, hiyo ni 1,000 kwa siku. Tairi na cheni vikikugharimu 90,000 kila miezi sita, ni 500 kwa siku. Hizo 1,500 zikae pembeni kwanza, kwenye mfuko wake. Ikibaki 500 tu ya akiba, weka hiyo 500.

Haya, wengine semeni. Inakatikia wapi?

Pwani Moja
Hapo kwenye tairi umenena kweli.

Genge la Kona
Kwa wenye genge inakatikia kabla hata ya kuanza, kwa sababu watu wanaweka akiba ya faida ambayo haipo. Twende na tenga moja la nyanya. Umelinunua 40,000, usafiri 3,000, ushuru 500. Jumla 43,500. Umepanga mafungu 60 ya buku buku, kichwani unasema nitapata 60,000, faida 16,500. Ukiwa na nidhamu unaweka 10,000 na kujipongeza.

Sasa fuata mafungu. Saba yameoza au yamepasuka chini ya tenga. Mawili yamekwenda jikoni kwako. Yameuzwa 51, umeingiza 51,000. Faida ni 7,500. Ukiweka 10,000 umechota 2,500 kwenye mtaji, na hapo hujanunua hata unga wa nyumbani. Matenga 16 baadaye umekula tenga zima, na unashangaa mbona akiba ipo lakini genge linapungua. Yapo magenge yanayokufa hivi, mwenyewe akiwa ana kibubu kizito chumbani.

Kwa hiyo daftari litangulie wiki mbili nzima kabla ya kuweka hata shilingi. Safu ziwe nne tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki mkononi. Yaliyooza na yaliyoliwa nyumbani yaandikwe pembeni kwa bei ya kununulia, pamoja na neno "nyumbani" au "kuoza", lakini usiyajumlishe tena kwenye kilichotoka, maana pesa yake ilishatoka uliponunua tenga. Watu wengi wanaona aibu kuandika nyanya mbili za mboga. Ndizo hizo zinazokula faida.

Simba wa Nidhamu
Dada, wiki mbili ni kupoteza muda. Mtu aanze leo leo na aweke. Siku 21 zikipita tabia imeshakuwa damu, hata akitaka kuacha hawezi.

Genge la Kona
Kaka, aweke nini kama hajui faida yake?

Mwalimu wa Jioni
Hilo la siku 21 naomba tulirekebishe, maana linavunja watu moyo. Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile huko Marekani. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua siku zisizopungua 21 hivi kuzoea sura mpya. Watu wakaangusha "zisizopungua", wakabaki na 21. Waliopima tabia zenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, walifuatilia watu 96, kila mmoja na tabia moja ndogo kama kunywa maji pamoja na chakula cha mchana. Wastani ulitoka siku 66, na kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia siku 18 hadi 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu.

Ona madhara ya ile 21. Mtu anafika siku ya 22, bado kuandika kunamchosha, anajiona ana kasoro. Hana kasoro yoyote, bado yuko njiani.

Simba wa Nidhamu
Mwalimu, ukiwaambia watu kuruka siku si neno wataruka zote.

Mwalimu wa Jioni
Siku moja, mkuu. Akiruka ya pili, anafungua daftari siku ya tatu hata kama ni kuandika "sikuuza". Mstari mmoja tu, lakini anauandika.

Fundi Cherehani
Mimi niongeze kuhusu saa. "Jioni" siyo saa. Pachika tabia mpya kwenye jambo ambalo tayari unalifanya bila kukumbushwa. Mwenye duka anahesabu pesa kabla ya kufunga, basi daftari likae ndani ya droo ya pesa, juu ya noti, asiweze kuzitoa bila kulishika. Mshonaji anafunika cherehani, daftari liwe chini ya kifuniko. Bodaboda anaegesha pikipiki na kuchomoa ufunguo, daftari dogo liwe chini ya kiti pamoja na peni. Ukisema nitaandika nikifika nyumbani, umeshashindwa. Nyumbani kuna watoto, kuna chakula, kuna usingizi.

Mama Mboga wa Kongowea
Hapa Mombasa twafanya vivyo hivyo, ila pesa hatulali nazo. Zikilala nyumbani zina wenyewe wengi. Jioni zaenda kwenye simu, mwisho wa wiki zaenda kwenye chama, kikundi chetu cha akiba. Tangu M-Shwari, akiba ya kwenye simu, ianze mwaka 2012 wengi wetu twafungia humo.

Kibubu Asilia
Simu haina adabu, mama. Vidole viwili tu, akiba imetoka. Kibubu mpaka ukivunje.

Pwani Moja
Kibubu cha mbao kinatolewa noti kwa spoku ya baiskeli, hakivunjwi wala nini. Na mchwa wakiingia utakuta unga.

Kibubu Asilia
Basi cha bati, achomelee fundi, tundu liwe jembamba na liwe na ulimi kwa ndani. Kisikae sakafuni.

Karani wa Soko
Msigombane, vyote viwili vina kazi. Kwa hapa Tanzania kuweka pesa kwa wakala hakukatwi, kutoa ndiko kunakatwa. Kwa hiyo kutoa kidogo kidogo ndiko kunakula. Mfuko wa oili ukae taslimu karibu, akiba ya muda mrefu iende kwenye simu au kikundi.

Mshika Ufunguo
Mmetaja kikundi, ngoja niseme la vikoba, maana hapo ndipo tabia ndogo inapogeuka kisu. Mtindo huu wa kuweka hisa na kukopeshana wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la misaada la CARE, na kanuni yake ya kisanduku chenye kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake, ina sababu.

Chukueni kikundi cha watu 25. Hisa 2,000, kila mtu ananunua tatu kwa wiki. Hiyo ni 150,000 kila kikao. Wiki sita za mwisho kabla ya mgao wanasimamisha mikopo, pesa inalala sandukuni: 900,000. Mwenye ufunguo wa pili anakwenda msibani mkoani, anauacha kwa mweka hazina, ambaye ndiye mwenye wa kwanza. Mwenye wa tatu ni wifi yake mweka hazina, nyumba moja. Kufuli tatu zimekuwa moja na hakuna aliyeona, kwa sababu kila kikao wanahesabu iliyoingia leo tu, ya zamani "ipo".

Wiki ya kwanza anachukua 20,000 ya dawa ya mtoto, atarudisha Jumatatu. Wiki ya pili 50,000. Kila mara nia ni kurudisha, na kila mara inakuwa rahisi kuliko jana. Siku ya mgao watu wamekuja na vikapu, wengine wameshaahidi ada shuleni. Kitabu kinasoma 900,000. Sanduku linafunguliwa: 215,000. Kimya chake hicho, mtu asikisikie. Mama mmoja anaanza kuhesabu upya, anahesabu mara tatu zile zile noti, kama vile zitaongezeka. Mweka hazina amekaa chini na khanga usoni.

Pwani Moja
Yaa Rabi.

Simba wa Nidhamu
Apelekwe polisi, hakuna mjadala.

Mama Mboga wa Kongowea
Polisi watakurudishia ada ya mtoto? Aandikishwe deni mbele ya wazee, alipe kila wiki. Akifungwa, 685,000 zimekwenda.

Genge la Kona
Wote mmerukia mwisho. Mshika Ufunguo, sanduku lilipaswa kuhesabiwaje?

Mshika Ufunguo
Yote, kila kikao, kufungua na kufunga. Anayefunga anatamka kwa sauti, "tunafunga na 450,000", na wanachama wote wanaikariri. Kikao kijacho kabla ya hisa mpya, wanaulizwa watatu wowote, wanataja, ndipo pesa inahesabiwa. Ufunguo haukabidhiwi mwenye ufunguo mwingine wala wa nyumba moja. Asiyekuwepo ampe mwanachama wa kawaida, mbele ya kikao. Pesa nyingi isilale sandukuni, wiki za mwisho iwekwe kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Na kwa hapa Tanzania sajilini, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeweka vikundi daraja la nne.

Binti Mpangilio
Jamani, na ule mpango wa wiki 52, unaanza na 1,000 na kuongeza 1,000 kila wiki, una maana?

Fundi Cherehani
Jumla inatoka 1,378,000, nzuri. Lakini wiki nne za mwisho pekee zinadai 202,000, na ni Desemba. Ukigeuza uanze na 52,000, unagongana na ada za Januari. Gawa sawa, 26,500 kila wiki. Mwenye kipato cha kupanda na kushuka achore vyumba 52 kwenye daftari, kila wiki afute kimoja anachokiweza, kikubwa wiki nzuri, kidogo wiki ya mvua.

Binti Mpangilio
Nimeelewa. Na daftari likilowa au kupotea?

Karani wa Soko
Tumia lenye jalada gumu, litie kwenye mfuko wa nailoni, peni ifungwe kwa uzi. Kila Jumapili piga picha kurasa za wiki hiyo. Na peni iwe bolpeni ya kawaida, nyingi za jeli zikiguswa na maji tarakimu zinayeyuka.