Mutuele ilikosea hesabu, mimi ndiye nilipe dola 112?

Ndugu zangu wa Bukavu, na ninyi mlio nje mnaotutumia pesa tukiugua, someni hii. Nina hasira, mtanisamehe maneno.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne, niko mezani kwangu soko la Kadutu napima unga wa muhogo. Akaja kijana wa mutuele yetu ya afya, kile chama tunachochangia kitulipie hospitali, begi mgongoni, adabu tele. "Jambo mama, biashara inaenda?" Nikajua kuna neno, maana hao wakikusalimu vizuri hivyo wana shida na wewe. Akanipa karatasi. Nimeisoma mara tatu unga ukinimwagikia. Inasema binti yangu alipojifungua mwaka jana nililipiwa "kupita haki", nirudishe dola 102, na juu yake dola 10 za ufuatiliaji. Yaani wao kunifuata sokoni, mimi ndiye nawalipia motari, yule wa pikipiki.

Tuanze mwanzo. Bili ya hospitali ilikuwa dola 340: kupasuliwa, chupa 2 za damu, siku 9 kitandani. Kabla binti hajaingizwa kwenye chumba cha upasuaji nilipita dirisha la mutuele, pale pale hospitalini, nikiwa na kadi na barua ya transferi kutoka kituo cha afya (bila hiyo barua watakwambia urudi ulikotoka, hata kama kichwa cha mtoto kimeshaonekana). Ajenti wao akaangalia kadi, akafungua daftari, akaandika kwa biki, kalamu nyekundu: 80. Akapiga muhuri. Maana yake mutuele asilimia 80, mimi 20. Tulipotoka nikahesabu dola zangu 68. Noti moja ya 20 ikakataliwa kwa sababu imechanika kwenye kona, mchano mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikatoka mbio kwa kambisti, mbadilisha pesa wa barabarani, akanikata dola 3 kunibadilishia. Risiti ninayo. Karatasi yenye 80 ninayo.

Leo, baada ya miezi 14, kontroli, wakaguzi wao, imepita kwenye mafaili yao ikakuta kwamba mimi ni wa daraja la asilimia 50. Kwa hiyo hospitali ilipaswa kupewa 170 na mutuele, wao wakatoa 272.

Mimi ningejuaje? Kadi haina daraja, ina picha yangu na majina ya watu 7 wa nyumba. Nikamwambia yule kijana, aliyeandika 80 ni mtu wenu. Akanijibu: "Mama, haiko mimi, ni mashini ndiyo inasema." Mashini! Mashini ilishika biki?

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Siku ile wangeniambia nusu ni yangu, ningepiga simu kwetu Walungu, kaka angeuza mbuzi, ukoo ungechanga. Au tungezuiliwa pale kama wanavyozuiliwa wengine. Mnajua mama akijifungua bila kulipa hatoki, analala na kichanga chake mpaka ndugu wapate pesa. Ni aibu, lakini siku ile ningejua pa kuibeba, maana mtu akiwa kitandani kila jamaa hufungua mkoba. Nani atachangia upasuaji wa mtoto ambaye sasa anatembea? Na kwa hali gani? Tangu benki zifunge milango Februari 2025, mteja aliyekuwa ananunua gunia ananunua gigozi mbili, yale makopo ya kupimia, tena moja kwa deni.

Kijana wa avenyu yetu anayesoma sheria aliniambia nisijidanganye. Kuna dekreti, yaani amri ya serikali, ya 30 Julai 1888, ya enzi za Léopold II, mfalme wa Wabelgiji aliyeitawala Kongo yetu, na mpaka leo ndiyo tunayoitumia kwa mambo ya madeni: aliyepokea kisicho haki yake, hata kwa kosa, arudishe, na aliyepokea akijua anadanganya, aongeze riba. Sawa. Mtaniambia pia kwamba pesa iliingia hospitalini lakini deni lililofutwa lilikuwa langu. Kweli, sibishi. Ndiyo maana nilikwenda biro, ofisi yao, nikawaambia nitalipa dola 5 kila mwezi. Ila hizo 10 za ufuatiliaji ni adhabu ya nani, yangu au ya mwenye biki?

Wakakataa. Zote kwa mpigo, mwisho wa mwezi.

Hawakungoja hata huo mwisho wa mwezi. Juzi usiku mjukuu, huyo huyo aliyezaliwa kwa kisu, kachemka homa. Malaria. Kwenye kituo cha afya msichana wa dirishani akaniambia kwa sauti ya chini, kama vile mimi ni mwizi: "Mama, kadi imefungwa." Nikalipa kwa pesa ya unga wa kesho yake. Na mchango wa mwaka huu nilishautoa Januari, wa watu wote 7! Mchango wameupokea, wamenyamaza, halafu kadi wamefunga. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu ni mimi na gigozi zangu.

Sheria ya mutuele ya 8 Februari 2017 imeziweka mikononi mwa wanachama, na mkutano mkuu. Mkutano wa mwisho nilikuwepo. Tulisomewa ripoti kwa Kifaransa, haraka haraka, tukapewa soda. Sikumsikia mtu akipiga kura kwamba kosa la ajenti litalipwa na mgonjwa, wala kwamba mtoto atanyimwa dawa kwa deni la bibi yake.

Alhamisi narudi biro, na safari hii siendi peke yangu. Wamama wawili wa meza za jirani nao wamepewa karatasi kama yangu. Kama na wewe umepata, andika hapa. Na kama bado, toa ile karatasi uliyopewa dirishani, uitazame vizuri: biki yao iliandika ngapi?