Kikundi cha Wazazi, Darasa la Sita: matokeo ya la saba yametoka

Mama Rehema (admini): Wazazi wenzangu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Matokeo ya darasa la saba yametoka. Shule yetu wastani umeangukia daraja C.

Baba Ally: C tena?

Mama Glory: Mimi nimetumiwa hii orodha ya shule kumi bora kitaifa, naiweka hapa muione. Sisi hatumo hata kwa dawa.

Mama Nuru: Mama Glory mpenzi, hiyo haijatoka Baraza la Mitihani. Baraza lilishaacha kutangaza kumi bora tangu Januari 2023. Kuna mtu kakaa kajipangia mwenyewe. Ifute tu, itawatia watu presha ya bure.

Mama Glory: Kumbe! Haya nimeifuta.

Baba Shabani: Iwe ya Baraza iwe ya mtaani, C ni C. Mimi nasema ukweli wangu, Januari mwanangu simrudishi kayumba. Afadhali nijibane nimpeleke Inglishi midiamu hata kama ni madeni.

Mwalimu Issa (mstaafu): Baba Shabani mwanangu, tulia kwanza. Masomo ni sita, kila somo alama 50, jumla 300. C ya jumla inaanzia 121 inaishia 180. Aliyepata 122 na aliyepata 179 wote wameandikiwa C, wote wanaitwa wamefaulu. Lakini hao ukiwakalisha mbele yangu ni watoto wawili tofauti kabisa. Herufi moja ya shule nzima haikwambii mwanao ana shida gani.

Mama Nuru: Shikamoo Mwalimu. Hapo hapo ndipo ninapotaka tukae.

Mwalimu Issa (mstaafu): Marahaba binti yangu.

Mama Nuru: Nimefungua matokeo nikashuka na mtoto mmoja mmoja, naangalia somo kwa somo. Kiswahili B, C, B, na A zipo. Uraia na Maadili hawajambo. Maarifa ya Jamii wanajikongoja lakini wanafika. Ukija Hisabati: D, E, D, D, E, E. Halafu mwisho wa mstari wa mtoto huyo huyo mwenye E, wastani C! Amefaulu, anaenda fomu wani, na Hisabati kapata chini ya 11 kati ya 50. Jamani, huyo huko sekondari Fizikia atashika wapi? Tukisema shule imefaulisha tunajidanganya. Tukisema imefeli tunawaonea walimu wa masomo mengine wanaohangaika na watoto wetu. Ugonjwa uko Hisabati.

Baba Ally: Mwalimu wa Hisabati si alihama?

Mama Rehema (admini): Alihamishwa. Aliyebaki anabeba la tano, la sita na la saba peke yake. Na mnajua wanavyobanana kule, dawati moja watoto wanne.

Mwalimu Issa (mstaafu): Tangu 2016 elimu bila malipo ilipoanza watoto wamemiminika shuleni, na hilo ni jema, wapo waliokuwa wanashinda sokoni. Ila walimu hawakumiminika hivyo. Daftari mia na kitu utazisahihisha saa ngapi? Unaishia kupiga vyema na kukosa, wapi mtoto kapotea hupati nafasi ya kumwonyesha.

Baba Shabani: Ndiyo maana tunalipa tuisheni. Wangu hakosi hata siku moja.

Mama Nuru: Na wangu anaenda. Sasa sikilizeni. Jana nimekaa naye na karatasi ya mtihani wa kata. Swali: mkulima alivuna magunia 60 ya mahindi, akauza robo tatu, je, alibakiwa na magunia mangapi? Nuru kapiga hesabu vizuri, robo tatu ya 60 kapata 45, haraka haraka kasiliba 45. Nikamwambia soma tena kwa sauti. Kasoma, kafika "alibakiwa", akanyamaza. Akasema, "Mama, kumbe hawaulizi aliyouza." Jibu ni 15! Mtoto hesabu anajua, kuzidisha sehemu anajua, swali ndilo hajalisoma.

Mwalimu Issa (mstaafu): Na hiyo 45 lazima waliiweka kwenye machaguo.

Mama Nuru: Ilikuwepo Mwalimu!

Mwalimu Issa (mstaafu): Mtunga mtihani anajua mtoto atateleza wapi, na jibu la kuteleza analiweka pale pale. Mtoto akilikuta anaamini amepatia, anasonga mbele. Hesabu za mafumbo ndizo zinawamaliza hawa. Kabla hajagusa penseli, akwambie kwa mdomo wake: nimepewa nini, naulizwa nini. Basi. Na yale maswali ya mwisho yasiyo na machaguo aonyeshe njia, asiandike jibu likiwa uchi.

Baba Shabani: Nimemuuliza Shabani hapa sasa hivi.

Baba Shabani: Kasema 45.

Mama Glory: Glory naye 45. Dada yake wa fomu tuu pia kasema 45.

Baba Shabani: Na huyu Shabani wangu ndiye anaongoza huko tuisheni. Wanamezeshwa majibu ya mitihani ya nyuma, swali likigeuzwa kidogo wamepotea.

Mama Nuru: Basi naomba tukienda kwa mwalimu mkuu tusiende na kelele za C. Twende na jambo moja: mwalimu wa pili wa Hisabati. Kamati ya shule iandike barua kwa Afisa Elimu Kata, na matokeo ya somo hilo yaambatanishwe.

Mama Rehema (admini): Mwenyekiti wa kamati nampigia usiku huu.

Mwalimu Issa (mstaafu): Mwalimu wa pili akichelewa msikae mnamngoja. Mimi Jumamosi asubuhi nipo, sihitaji hela ya mtu. Nipeni barazani penye ubao. Mafumbo tu, saa mbili mpaka saa nne.

Baba Ally: Mwalimu, Mungu akuzidishie. Baraza langu lipo hapa Tandika, kivuli kipo. Ubao nitaupigilia mwenyewe, na kopi nitapiga dukani kwangu.

Baba Shabani: Benchi nitaleta mbili. Mwalimu, wa la tano waje?

Mwalimu Issa (mstaafu): Waje. Waje na penseli na daftari, simu zibaki nyumbani.